Mkono wa Tisa

Sijui kama nina haki ya kuandika juu ya mtu huyu, maana simpendi. Nimejaribu kumpenda. Nimemwombea kanisani, tena kwa jina, na maombi yakanirudia jioni kama kuku. Shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo mengine huenda nikayaandika visivyo. Lakini nimejiwekea sheria: baya lake nikiliandika, nijiulize kwanza kama nilikuwepo au niliambiwa. Na jema lake nikilijua sitalificha, hata likiniuma.

Tulimwita Daktari. Si daktari wa sindano. Alipohamia hapa juu yetu, kwenye mteremko wa Mbooni, watu wa kikohozi na watu wa magoti walimpandia wiki nzima, naye akawafukuza wote akiwa amesimama barazani kwake: "Mimi si daktari wa watu! Mimi ni daktari wa vyuma!" Basi jirani yangu mmoja, mama asiyeshindwa, akampelekea sufuria iliyotoboka. Hiyo nilikuwepo. Aliitazama sufuria, akamtazama mama, akasema, "Chuma changu chote nilichowahi kushika hakiwezi kuziba hata hili tundu." Akaingia ndani, akafunga. Tulicheka hadi tukaketi chini. Sasa ninajua alikuwa akisema kweli tupu, lakini siku ile tulidhani ni maringo.

Kazi yake ilikuwa ng'ambo, miaka mingi. Alitueleza wakati alipotaka kutueleza, na hakutaka mara nyingi. Kuna vyuma ambavyo havichimbwi popote, binadamu huvitengeneza, na vinavyopatikana ni kama jasho la sisimizi. Vinatoa miale inayoua. Mtu anavishika akiwa nje ya sanduku la kioo, mikono ameitia ndani ya glavu ndefu zilizofungwa kwenye sanduku lenyewe. Kimoja kinaitwa kuri, kingine kaliforni, na vingine majina yao nimeyasahau. Yeye alikuwa anaviyeyusha majini na kuangalia maji yanavishika vipi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi, tangu ujana wake hadi nywele zikaisha. Aliwahi kusema kuri ikimulikwa ndani ya maji inawaka nyekundu ya kaa la moto. Akisema hivyo, uso wake ulikuwa unalainika, na mimi ninaandika hilo kwa sababu ni haki. Ulikuwa unalainika kwa kuri tu.

Salamu hakuwa nazo. Ukimwambia, "Daktari, habari ya asubuhi," anakujibu, "Habari gani unayotaka?" Mkono hakukupa. Mikono yake aliiosha hadi kwenye viwiko kabla ya kugusa kitu na baada ya kugusa kitu, kisha anaigeuza juani, mbele na nyuma, kama mtu anayenunua kitambaa. Siku moja nilikuwa nasuka kiondo kando ya njia, nikatia uzi wa mkonge mdomoni niulowanishe, kama tulivyofundishwa na mama zetu wote. Alikuwa anapita. Alinipiga mkono, pa! Uzi ukaruka. "Toa mdomoni! Unajua kimegusa nini?" Mtu mzima, mbele ya wenzangu, napigwa mkono kama mtoto anayekula udongo. Baadaye nilielewa kwamba kule alikotoka, kitu kilichoingia mdomoni hakikuachi, kinaenda kukaa ndani ya mfupa. Nilielewa. Kuelewa hakukunitoa ule moto wa mkono.

Kanisani alikuwa anakaa benchi la mwisho. Pasta alihubiri juu ya chumvi ya dunia, akasema Mkristo anapaswa kupotea ndani ya watu kama chumvi inavyopotea ndani ya maji. Daktari akasimama. Ibada ikiendelea, akasimama.

"Haipotei, Pasta."

"Daktari, keti tumalize."

"Haipotei. Inashikwa. Maji yanaizunguka kila upande na kuishika. Hakuna kitu kinachokaa peke yake majini. Sema inashikwa, halafu uendelee."

Pasta, maskini, alisema inashikwa, halafu akaendelea. Watoto walicheka mwezi mzima. Lakini tangu siku ile siwezi kutia chumvi kwenye sufuria ya isyo, yale mahindi na maharagwe yetu, bila kuona yale maji yakiisongea na kuishika. Kwa hiyo kuna kitu alinipa, na ninakerwa kwamba alikipata kwa kumwaibisha mtu mzuri.

Wanawake wa kikundi chetu cha kusuka walimpatia jibu, ingawa hawakumpa usoni. Walisema, "Vyuma vyake vina watu tisa wa kuvishika. Yeye hana hata paka."

Maana hiyo tisa ndiyo ilikuwa wimbo wake. Kuri ikiwa majini, alisema, inashikwa na maji tisa, yaani chembe tisa za maji. Ukiendelea mbele katika ule mstari wa vyuma vyake, kila kimoja ni kizito kuliko mwenzake wa nyuma, lakini ni kidogo kuliko yeye. "Kinazidi kuwa kizito, na kinazidi kuwa kidogo," alikuwa anasema, akiinua kidole. Kinajikunja. Kikishajikunja, nafasi ya maji tisa haipo tena, wanabanana, na mmoja anasukumwa nje. Wanabaki wanane. Sisi tukampachika yeye mwenyewe hayo maneno. Akipita na mkongojo wake, mgongo umeinama, mtu ananong'ona, "Anazidi kuwa mzito, anazidi kuwa mdogo," na kikundi kizima kinainamia viondo.

Watu wa mawe nao walimjia. Kijana mmoja alitoka mbali, upande wa Kitui, na gunia la mawe yanayong'aa. Kuna mtu alikuwa amemdanganya kwamba ni madini ya bei kubwa na kwamba atoe kwanza ada ya kupimiwa. Daktari alichukua jiwe moja, akaliangalia, akalirudisha guniani. "Hili ni jiwe. Na huyo aliyekuambia ni mwizi, na wewe ni mjinga uliyembebea mwizi mzigo. Beba ushuke nalo, usiniachie takataka hapa." Yule kijana alishuka na gunia lake analia. Hiyo niliona. Pia ni kweli kwamba yule tapeli hakupata kitu kwake, na kwamba wengine walioenda kwa watu wenye ulimi mtamu walipoteza mbuzi. Nimeyaandika yote mawili. Mtu achague.

Sasa nifike kwa lile ambalo kwa ajili yake ninaandika.

Mwalimu wa kemia wa shule ya wasichana hapa chini alihamishwa, na hakuletwa mwingine. Wazazi tulizunguka maofisi kule mjini Wote hadi tukazoeleka na askari wa langoni. Daktari alisikia, akashuka siku moja bila kuitwa, akaingia darasani, akaanza kufundisha. Hakuomba kitu. Mvua, jua, mguu mbovu, alikuja. Wasichana waliomvumilia walipita vizuri, wengine vizuri sana. Ningekuwa namchukia bila haki, ningeruka mstari huu.

Akataka vielelezo. Akanijia mimi, kwa sababu kazi yangu ilisifiwa. Alichora kwenye karatasi: kibuyu kidogo katikati, ndicho chuma, na kukizunguka, vitanzi vya mkonge vinavyotokeza kama mikono, ndiyo maji. Kibuyu kikubwa kidogo, mikono tisa. Kibuyu kidogo zaidi, mikono minane. Kisha cha tatu, ambacho alikieleza polepole kuliko vyote: mshikaji mmoja mwenye mikono minane yake mwenyewe. Huyo akiingia majini, anawafukuza maji wote na kukikumbatia chuma peke yake. Alisema mtu akiwa ameingiwa na vyuma vile mwilini, hupewa mshikaji kama huyo kwenye damu, naye anakibeba chuma hadi nje kwa mkojo. Nilikipenda hicho cha tatu. Nilikisuka vizuri, hata yeye hakusema neno, na kwake kunyamaza ndiyo asante.

Lakini kile cha mikono minane nilikosea. Kiondo kinaanza na nyuzi chache kitakoni, na kadiri kinavyopanuka unaongeza, unaongeza, hadi mdomoni. Hatupunguzi. Vidole vyangu havijawahi kupunguza. Nikamaliza, nikampelekea, akahesabu: tisa. Nikarudia. Tisa tena. Alitoa kisu kidogo mfukoni, akakata ule mkono wa tisa mbele ya kikundi, na akasema, "Vidole vyenu vinajua kuongeza tu. Mkiambiwa kitu kimepungua, hamwelewi." Alikuwa sahihi kuhusu hesabu. Nilikosea mara mbili, na yeye hakukosea hata mara moja. Lakini ule uzi ulioanguka chini niliuokota, maana ulikuwa mkonge mzuri.

Vibuyu hivyo ndivyo vilivyokuwa mezani siku ile. Hii niliambiwa na binti yangu Mutheu, na nikaambiwa na mwenzake wa dawati moja, na maneno yao yalifanana, kwa hiyo ninaamini. Mutheu alikuwa kidato cha tatu. Alitaka kufanya kazi kwenye maabara ya hospitali, ile ya kupima damu, na kwa hilo kemia ilikuwa lazima. Aliinua mkono.

"Daktari, hiki kina tisa, na hiki kina nane. Sasa vile vya katikati? Haviwezi kuwa na mkono nusu."

Darasa lilicheka. Daktari hakucheka.

"Toka nje," alisema. "Urudi ukiwa na jibu."

Mutheu akachukua vitabu vyake, akatoka.

Siku ile ile, jua halijazama, tulikuwa tunachuma machungwa. Alisimama juu ya ngazi, ndoo mkononi, akasema, "Mama, nimejua. Ni maji yale yale, lakini vingine vina tisa na vingine vina nane. Na huo mkono wa tisa haujakaa. Unaingia, unatoka, unaenda kwa mwingine. Hiyo nusu haipo kwa kimoja. Unaipata ukihesabu vyote pamoja."

Sikuelewa, lakini niliona alivyosimama. Nikamwambia, "Basi kesho umwambie."

Alinitazama kama nimemwambia apite sokoni bila nguo. "Mama, si amenifukuza? Hajaniita."

Na mimi sikumsukuma, maana nimelelewa vile vile. Kwetu, mtoto akifukuzwa na mkubwa harudi kwa miguu yake. Kurudi hivyo ni kumwambia mkubwa kwamba hasira yake ilikuwa upepo. Mkubwa hupoa, halafu hutuma mtu. Mume wangu alipopoteza mbuzi wa baba yake akiwa kijana, alifukuzwa, akalala kwa shangazi, na siku ya pili shangazi yule yule akapewa uji wa kumpelekea na kuambiwa, "Mwambie mbuzi wanamngoja." Ndivyo inavyokwenda. Anayefukuza ndiye anayeita. Kila mtu hapa anajua.

Tukangoja kuitwa.

Kila asubuhi Daktari alipita mbele ya lango letu akienda shule, na Mutheu alikuwa amesimama pale, sare amepiga pasi, vitabu kifuani. Hamsemeshi, maana si yeye wa kuanza. Naye Daktari alikuwa akifika pale anapunguza mwendo. Hiyo niliiona kwa macho yangu. Anapunguza, anamtazama, anangoja kidogo, halafu anapita. Niliisoma kuwa ni dharau, kwamba anapita polepole ili amwone vizuri aliyemwangusha.

Mwishowe nikapanda kwake mwenyewe. Hakusema karibu.

"Daktari, nimekuja kwa sababu ya mtoto."

"Ana jibu?"

"Daktari, mtoto yuko tayari. Wewe sema neno moja tu, atakuja hata leo."

"Sikuuliza kama yuko tayari. Nimeuliza kama ana jibu."

"Sasa jibu mimi nitalitoa wapi? Mimi ni mtu wa mkonge."

"Basi kwa nini umekuja wewe?"

Nilishuka. Sikumuaga. Nilisikia ananikata kama ule uzi, na labda ndivyo alivyokuwa anafanya, na labda sivyo. Nimeandika maneno yake kama yalivyokuwa. Yaangalie mwenyewe.

Mutheu alisoma kemia kwa daftari za wenzake, nje ya darasa. Masomo mengine alipita. Hilo hakupita, na mlango wa maabara ukafungwa. Leo yuko Emali, anauza machungwa yetu mahali malori ya Mombasa yanaposimama. Hajalala njaa. Ana mtoto, ana ulimi mkali, madereva wanamwogopa. Mtu anaweza kusema amefanikiwa, na sitamkatalia. Lakini akishika chupa ya dawa ya kunyunyizia miti, anasoma kemikali zote, hadi yale maandishi madogo ya nyuma.

Daktari aliacha kufundisha mguu ulipomshinda. Mwalimu mwingine akaletwa. Sisi tukaendelea kupita chini ya nyumba yake bila kuinua macho.

Basi mwaka huu, baada ya mvua kuisha, nilikuwa uwanjani nasuka, nikasikia mkongojo. Alikuwa yeye. Hajawahi kuingia kwetu hata siku moja. Amepungua, shati limemzidi. Mkononi alikuwa na kibuyu changu, kile cha mikono minane. Nilimpa kigoda kwa sababu ni mzee, si kwa sababu nyingine.

"Yule msichana," alisema. "Alipata jibu?"

Hata jina hakuwa nalo.

"Anaitwa Mutheu. Alipata."

"Lini?"

"Siku ile ile uliyomfukuza. Jua likiwa bado liko."

Kuku walipita katikati yetu. "Alisemaje?"

Nikamwambia kama nilivyokumbuka: vingine tisa, vingine nane, maji yale yale, na mkono wa tisa unaingia na kutoka. Alifunga macho nikisema. Alipojibu, sauti yake ilikuwa ndogo. "Watu wazima wamebishana juu ya hilo wakiwa na mashine." Halafu akafungua macho, na ule ukali ukarudi. "Basi mbona hakurudi?"

"Hukumwita."

"Nilimwambia arudi! Akiwa na jibu, arudi. Nilipita pale langoni kila siku nikimngoja aseme."

"Ulimfukuza, Daktari. Aliyefukuzwa huitwa."

"Kule nilikokuwa, ukimtoa mtu nje kwa swali, anarudi anagonga mlango kwa hasira. Mimi mwenyewe niligonga. Nilimngoja agonge."

"Huku si kule."

"Najua huku ni wapi. Mimi ni wa hapa."

"Basi ulijua."

Siwezi kuandika kwamba alijua, na siwezi kuandika kwamba alisahau. Nimelala na hilo siku nyingi na bado liko katikati. Aligeuzageuza kile kibuyu, kidole chake kikatafuta mahali pale alipokata, pana kovu dogo la mkonge.

"Nenda umwite," alisema.

Ndiyo yale yale niliyoyangoja miaka yote: mkubwa anatuma mtu. Na nilipoyasikia, kitu kikanipanda kifuani ambacho si cha Kikristo. Nikamwambia, "Mimi si wa kutumwa tena. Yuko Emali, mahali pa malori. Njia unaijua." Huenda nilikosea, maana alikuwa anafanya hasa kile nilichomlaumu kwa kutokifanya. Lakini ndivyo nilivyosema, na alipoondoka sikumsindikiza hadi langoni.

Asubuhi yake nilimwona barabarani akipandishwa boda boda. Yeye asiyempa mtu mkono alikuwa amemkumbatia dereva kiunoni kwa mikono yote miwili, macho amefumba. Mama yule wa sufuria akampigia kelele, "Daktari! Leo umepata wa kukushika!" Wanawake wakacheka. Mimi sikucheka, lakini pia sikuwanyamazisha. Pikipiki ikashuka nao mteremko.

Nilishika simu nimwonye Mutheu. Nikaiweka. Nikaishika tena. Sikujua kama kumwambia ni kumsaidia au ni kumnyang'anya kitu chake. Nikaiweka.

Alasiri akapiga yeye. Nyuma yake nilisikia malori na watu wanaobishania bei.

"Mama, kuna mzee hapa amekaa juu ya kreti yangu tangu asubuhi, juani. Ni Daktari wako. Anasema amekuja kuniita."

"Na wewe umemwambia nini?"

"Nimemwambia angoje," Mutheu alisema. "Niko na wateja."